Nilikatazwa Kupika kwa Ajili ya Bachata

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo wanawake wanaojisifu kwa hilo. Kwangu ni uvivu tu. Nyanya nanunua kwa yule anayepita mlangoni na beseni, hata kama zimechoka kuliko mimi. Harusi za watu nazipenda zikisimuliwa. Tangu tuhamie huku Annexe, pembezoni mwa mji, kwenye lupangu, kiwanja chenye nyumba katikati, mahindi mbele, mahindi nyuma, na ukuta wa matofali usiotaka kuisha, bwana yangu huwaambia wageni kwamba siku nikipotea ataanza kunitafuta chumbani na atamaliza jikoni. Kwa hiyo dansi sikuifuata mimi. Nilimsindikiza mtu.

Jirani yangu anauza tomson, wale samaki wa barafu wanaokuja kwa katoni. Siku moja, akiteremka Naviundu, aliona kibao kipya kando ya ghala la simenti: shule ya dansi, salsa, kizomba, bachata, masomo kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Alikuja kunigongea kama mtu anayeleta habari ya msiba.

"Yaya, dada yangu, unisindikize. Siwezi kuingia peke yangu."

"Na miye nitafanya nini kule?"

"Utaikala ku kiti. Utanichungia saki."

Kuchunga mkoba nikiwa nimekaa ni kazi ninayoiweza. Tulienda. Kosa ni la shule yenyewe: mle ndani hapakuwa na kiti hata kimoja. Palikuwa na vigae chini, vioo ukutani, kimoja kina ufa, na nje ya dirisha jenereta ikikohoa kwa sababu umeme ulikuwa umekwenda zake. Mtu aliyesimama bila kazi mbele ya vioo anaonekana mjinga zaidi kuliko anayecheza. Nikatundika mkoba kwenye msumari, nikaingia mstarini.

Jirani yangu alikuja mara chache, kisha mashemasi wa kanisa lake wakamwita, wakamweka katikati, naye akaacha. Nikabaki mimi, mlinzi asiye na mkoba wa kulinda.

Walimu walikuwa wawili. Mwanaume aliongoza kwa Kifaransa. Nje alikuwa anaomba maji na kugombana na watu wa pikipiki kwa Kiswahili kama sisi sote, lakini muziki ukianza Kiswahili chote kinamtoka. Mwanamke alikuwa anarudia kila neno kwa ajili yetu, na alikuwa harudii tu, alikuwa anaongeza. Yule bwana akisema tuhamishe uzito, yeye anasema:

"Uzito yote ku muguu ya kushoto. Yote. Haina nusu, hatuko ku soko."

Bwana akisema tulegeze mabega, yeye:

"Mabega chini, bamama. Hapa haina kilio."

Na bwana aliposema wanawake wakubali kuongozwa, tukaanza kuguna, yeye alitutuliza:

"Umuache akutembeze hapa. Kwako utamutembeza weye."

Bachata ni kitu kidogo ukikiangalia. Unakwenda upande kwa hatua tatu, ya nne unagusa chini tu, na kiuno kinapanda. Kisha unarudi ulikotoka. Ndiyo hivyo. Lakini kiuno changu, kilichobeba watoto na ndoo miaka yote hii, kilikuwa kimesahau kwamba kina pande mbili. Kwenye kioo nilimwona mwanamke anayefanana na kabati linalohamishwa. Nilitafuta anayelihamisha, hayupo. Lilikuwa linajihamisha lenyewe.

Watu wananiuliza kwa nini nilibaki. Nilisoma sekondari nikaimaliza, diploma yangu iko chini ya godoro mahali fulani, na tangu siku ile hakuna aliyenifundisha kitu kipya isipokuwa namna ya kuokoa maharage yaliyoungua. Watoto wamekua, wako mbali wanakosoma. Nyumbani nikikosea, kuna mtu analala njaa. Pale nikikosea, mwalimu anasema tuanze tena. Nilipenda lile la kuanza tena. Hakuna aliyewahi kuniambia maneno hayo bila kukunja uso.

Sasa, kwenye bachata unashikwa. Mkono wa mwanaume unakaa mgongoni, kwenye mfupa wa bega, mkono wake mwingine unashika wako. Na kila baada ya muda mwalimu anasema tubadilishe, kila mwanamke anasogea kwa mwanaume anayefuata. Siku ya kwanza tulisogea kama watu wanaopita karibu na mbwa. Mimi mara nyingi niliangukia kwa soudeur mmoja wa pale Naviundu, mchomeleaji wa vyuma mwenye alama za cheche mikononi, mwenye heshima kiasi kwamba anaomba msamaha kabla ya kukukanyaga. "Pardon, mama," kisha anakanyaga.

Nikirudi nyumbani namsimulia bwana yangu. Yeye ni fundi wa malori; Jumamosi jioni mtu huyo ni mali ya redio na mpira. Naweka bukari mezani, ugali wetu, naweka sombe ya majani ya muhogo, naanza.

"Papa, leo soudeur amenikamata tena."

"Mmh."

"Amenikamata muzuri kupita weye."

"Mmh."

"Kesho ananioa."

"Leta maji, mama."

Ndivyo tulivyoishi tangu ujana. Mimi nachokoza, yeye anaomba maji. Kama ndoa nyingine zinaendeshwa kwa kitu kingine, sizijui.

Hapa lazima niseme jambo la watu wake. Mimi natoka upande wa barabara ya Kasenga. Wazee wangu wako Kasomeno. Yeye ni wa Kasai, mtoto wa watu waliokuja zamani. Kwao kuna tshibau. Mwanamke akishaolewa na mahari ikapokelewa, mwanaume mwingine hamgusi. Si habari ya kulala naye tu. Kumkumbatia tayari ni kosa, kumbana mkono kwa nia tayari ni kosa. Ukiguswa, unasema. Wakubwa wanakaa, wanaleta kuku mweupe au mbuzi, maneno yanatengenezwa, inakwisha. Lakini ukinyamaza ukaendelea kumpikia bwana, ukatia chumvi kwenye sufuria yake, basi ni yeye anayelipa, au watoto wenu. Wanalipa kwa mwili.

Aliyenifundisha hayo, siku ya ndoa yangu, ni shangazi wa bwana yangu. Mwanamke aliyesoma kunizidi, aliyefundisha shule kabla ya kuingia biashara ya vitenge, anayesoma miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Ananiita "bibi yangu," kwa kuwa kwao dada wa baba naye ni bwana wa nyumba. Hivyo nina mabwana wengi, na hakuna hata mmoja anayecheza.

Shule ya dansi ilitupiga video ikaiweka kwenye simu. Nilikuwa nimeonekana kwa nyuma tu, nikafikiri nimeokoka. Lakini shangazi alinitambua kwa kitenge. Yeye ndiye aliyeniuzia.

Alifika Jumapili baada ya ibada, akiwa bado na Biblia mkononi. Bwana yangu alikuwa barazani. Aliketi, akakataa maji, akaweka simu mezani video ikicheza bila sauti.

"Bibi yangu, ikala chini. Huyu ni weye?"

"Ni miye, Tantine. Ule mwenye kutembea kama kabati."

"Siko na wewe mu mchezo. Huyu mwenye alikukamata mugongo ni nani?"

"Ni soudeur. Ananikanyaga kuliko vile ananikamata."

"Na huyu?"

"Huyu ni mutoto ya université. Anakulaka chewing-gum."

Shangazi alivua miwani. Hakumwangalia tena mwingine isipokuwa mtoto wa kaka yake.

"Ulijua?"

Bwana yangu alijikuna goti. Namjua akijikuna goti: anatafuta mlango.

"Aliniambiaka, Tantine. Lakini nilizania anachokoza."

Basi. Miaka yote nimemwambia mtu huyu ukweli kwa kicheko, na siku anapoulizwa kama anaujua, anasema alisikia kicheko tu. Niliwaka. Nilisema nimemwambia kila Jumamosi, kwa mdomo huu, mezani, mbele ya bukari. Sikuficha kitu. Kama sheria inasema mwanamke aseme, nimesema.

"Kusema kwa kucheka haina kusema," shangazi akajibu, taratibu, kama mwalimu anayerudisha karatasi. "Muke anasema na magoti chini. Na uso chini. Pale njo wakubwa wanasikia. Mupaka siku ile, usimupikie mutoto yangu. Hata chai. Hata mayi ya moto."

Akaondoka na Biblia yake. Bwana yangu akabaki na goti lake.

Nisiseme uongo: mwanzoni nilifurahi. Mtu mvivu ukimkataza jiko, umempa likizo. Nilikaa barazani nimenyoosha miguu, nikimwangalia bwana yangu akiwasha makaa kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alipuliza hadi macho yakawa mekundu. Bukari yake ilikuwa na mabonge unayoweza kujengea ule ukuta. Siku nyingine alikwenda kula kwa shangazi, akarudi amenyamaza, ananuka kitunguu cha nyumba nyingine. Mimi sikukatazwa kujipikia. Nilikaanga tomson wangu upande wa upepo, nikahakikisha upepo unakwenda anakokaa.

Na Jumamosi nilikwenda kwenye dansi. Ndiyo, nilikwenda. Jirani yangu aliponiona napita na viatu mkononi alitaka kujificha nyuma ya katoni zake. Nilicheza vibaya kuliko siku zote.

"Mama, leo uko muzito," soudeur aliniambia.

"Niko na familia ya bwana yote ku mugongo."

"Pardon, mama," akasema, akanikanyaga.

Jioni moja umeme ulikatika kabla ya giza kuingia vizuri, redio ikanyamaza, na bwana yangu akakosa pa kujificha. Alivuta kiti karibu na changu.

"Mama, upige tu magoti. Ni kitu ya kidogo. Banachinja kuku, banaombea, inaisha. Nakula bukari ya kweli."

"Mama yako, ilimuishia?"

Akajikuna goti. Hilo tulikuwa hatulisemi. Baba yake alikufa ghafla, mtu mzima mwenye nguvu, na ukoo ukasema kuna neno lililofichwa ndani ya nyumba. Walimwandama mkewe. Mama mkwe wangu hakuwa amefanya lolote. Aliniambia mwenyewe, tukiwa tunasonga pamoja, yeye ameshika mwiko mimi nimeshika sufuria. Alisema alipiga magoti, akasema ndiyo, ili wanyamaze. Hawakunyamaza. Waliendelea kumwita kwa jambo lile mpaka naye alipozikwa, na shangazi, aliyempenda sana kaka yake, hakumwangalia tena usoni.

"Miye sipige magoti, papa. Kama nimepiga, njo nimesema ni mubaya. Na haina mubaya. Ni hatua tatu na moja ya kugusa."

"Sasa tutaishi je?"

"Weye njo unajua. Mwenye alisikia ni weye."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumchokoza, nikayameza. Lilikuwa jambo geni kwetu sote wawili. Alinitazama kama mtu anayesikia injini ikizima.

Shangazi alirudi na mkubwa wa ukoo, mzee mmoja mpole anayesikia kwa sikio moja, na kuku mweupe ndani ya kikapu. Tuliketi barazani. Mzee alitaka jambo liende haraka, mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa mjini. Shangazi alinionyesha mkeka.

"Bibi yangu, sema. Bila kucheka. Alikukamata wapi?"

"Nitasema. Lakini nikiwa nimesimama, Tantine. Na nitakuonyesha, sababu kwa mdomo hautasikia."

Nikamwendea. Nikamwomba asimame. Sijui kwa nini alikubali. Nadhani mwalimu aliyemo ndani yake alitaka kuona somo. Nilichukua mkono wake wa kulia nikauweka mgongoni mwangu, hapa, kwenye mfupa. Nikashika wa kushoto. Nikamwambia: wewe ni soudeur. Uzito wote mguu wa kushoto, wote, si nusu. Nikampeleka upande, nikagusa, nikamrudisha. Vitenge vyake vilivyonyooshwa kwa pasi vilipiga kelele kama magazeti. Kuku alichungulia kikapuni. Sikucheka. Nilimtajia kila mwanaume wa darasa lile, mmoja mmoja, kazi yake na mkono wake ulipokaa, nani anatoka jasho, nani anahesabu kwa sauti, nani ananuka mint, na kwa kila mmoja nilimzungusha shangazi upande na kumrudisha, mpaka pumzi zikaanza kumwisha.

"Njo hii tu?" mzee aliuliza, akiwa ameelekeza sikio lake zima.

"Njo hii tu, baba mukubwa. Muziki njo inakosekana."

Shangazi alijitoa mikononi mwangu na kuketi. Alipanga kitenge chake. Uso wake haukuwa wa hasira, ningeiweza hasira. Ulikuwa wa mtu anayeogopa.

"Umesema. Nimesikia. Sasa piga magoti, tumalize."

"Magoti hapana."

"Kaka yangu alikufa juu ya muke mwenye hakutaka kusema."

"Alisema, Tantine. Alipiga magoti na akasema. Na hamukumuachilia mpaka alikufa. Miye nimesema na sipige magoti, tutaona ni nani munaachilia."

Niliona kwamba nikiendelea kusimama pale nitalia, na kulia kwao ni sawa na magoti. Basi nilikwenda jikoni. Niliwasha mbabula. Nilisonga bukari, nikapasha sombe, nikatia chumvi mbele ya mlango ulio wazi, ili waone kiganja changu kikimwaga. Nilitia nyingi. Niliileta barazani, nikaiweka mbele ya bwana yangu, na maji ya kunawa.

"Usikule," shangazi alisema. Alilisema polepole, kwa lugha ya kwao, kisha akalirudia kwa Kiswahili ili na mimi nisikie.

Bwana yangu aliangalia sahani. Alijikuna goti. Nilisema moyoni: akisimama akaenda kwa shangazi, nafunga vitu vyangu, nakwenda Kasomeno, nitakuwa mtu wa nyumbani mahali pengine. Nilikuwa nimekwisha kuchagua hata sufuria nitakazobeba.

Akanawa mikono.

"Tantine, aliniambia," akasema. "Kila samedi aliniambia. Miye njo nilikuwa nasikiliza mupira. Kama iko kosa, ni ya masikio yangu. Munipigishe miye magoti."

Akakata bonge, akalichovya, akala. Tulimwangalia akitafuna kama watu wanaomwangalia fundi juu ya nguzo ya umeme. Akameza.

"Iko na chumvi mingi, mama," akasema, akaendelea kula.

Mvua ilianza. Mzee alisema lazima aondoke kabla barabara haijawa mto, na kusema kweli alitazama ile sombe kwa huzuni. Shangazi aliinuka, akafungua mwavuli wake, akatoka bila kuaga. Kuku walimsahau. Hatukumchinja; alijiunga na wale wetu, akala mahindi yetu, na hakujua kama ana kazi yoyote aliyoshindwa.

Ningependa kuishia pale, nikiwa mshindi. Lakini mvua za mwaka ule zilileta maji yaliyosimama kila mahali, na maji yale yalileta mbu, na bwana yangu alishikwa na malaria. Si ile ya kulala siku moja na kuamka. Ilimtupa chini. Nilimpakia kwenye pikipiki, mimi nyuma yake nikimshikilia, tukavuka matope mpaka kwenye zahanati, wakamtundikia dawa, tukarudi, na homa ikarudi nasi.

Shangazi alikuja na sufuria yake imefungwa kwa kitambaa. Hakuwa na haja ya kunikumbusha tshibau. Majirani nao walianza kupita na pole zenye macho. Hata muuza tomson aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama sifikirii kwenda tu kupiga yale magoti.

Na mimi niliogopa. Sina aibu kuliandika. Nikiwa nafinya kitambaa cha maji juu ya paji la uso wake nilijiuliza kama hatua tatu na moja ya kugusa zinaweza kuua mtu anayetengeneza malori. Nilimpikia mchuzi wa kuku, wa kijivu, si yule mweupe. Nilisimama na chumvi mkononi muda mrefu kuliko chumvi inavyohitaji. Kisha nikatia. Nilimnywesha kijiko kwa kijiko, shangazi akiwa amekaa upande wa pili wa kitanda na sufuria yake kwenye mapaja. Bwana yangu alikunywa wangu. Baadaye alikula na chakula cha shangazi, kwa sababu yeye ni mtu asiyependa ugomvi na chakula chochote.

Jumamosi ile nilibaki nyumbani. Shangazi aliona.

"Hauende?"

"Siendi. Muntu iko na homa."

"Ni vizuri."

"Nimebaki juu ya homa, Tantine. Sikubaki juu yako."

Alinyanyua nyusi, akarudi kwenye kijiko chake.

Homa ilikwisha kama zinavyokwisha, kwa jasho na uchovu na mtu kuanza kulalamika kuhusu chumvi. Shangazi hakusema kwamba mimi nilikuwa na haki. Alisema dawa zilikuwa nzuri. Kwangu hali chakula mpaka leo. Anakuja, anakaa, ananiita bibi yangu, maji anakuja nayo kwenye mkoba. Linaniuma, kwa sababu sombe yangu ni nzuri na yeye anajua. Nimelizoea kama unavyozoea jiwe kwenye yadi: unalizunguka.

Jumamosi iliyofuata bwana yangu alikuwa ameketi nje kwenye jua, amekonda, redio magotini, shangazi kando yake na miwani kwenye ncha ya pua akisoma. Nilitoka kwa mlango wa mbele, nimevaa kile kitenge cha kwenye video. Nilikuwa na viatu miguuni, si mkononi.

Shangazi aliangalia viatu, kisha kitenge.

"Njo unaenda."

"Njo naenda, Tantine."

"Na huyu hana hata nguvu ya kusimama."

"Iko na nguvu ya kusikiliza mupira."

Bwana yangu alikohoa; nilijua kikohozi kile kina nini ndani. Akapunguza sauti ya redio. Shangazi alifunga kitabu chake, kidole kikiwa kimebaki kwenye ukurasa.

"Ukirudi, utasema ni nani na nani walikukamata. Yote. Kwake na kwangu."

"Nitasema."

"Bila kucheka."

"Hapana, Tantine. Nitacheka. Mukitaka kusikia, mutasikia na kicheko ndani."

Alifungua tena kitabu chake pale kidole kilipobaki. Bwana yangu alikuwa tayari anatafuta kwa macho mahali pa kuweka kiti chake karibu zaidi na meza, ili jioni anisikie. Nikavuta mlango wa bati nyuma yangu, nikateremka kuelekea Naviundu. Nilichelewa, na nafasi iliyobaki mstarini ilikuwa mbele ya soudeur.